Kesi za Kweli na Waigizaji Wake

Mwaka wa 1987 shirika la BBC la Uingereza lilionyesha katika televisheni mchezo uitwao The Happy Valley, na mwaka huo huo ikatoka filamu iitwayo White Mischief. Zote mbili zilihusu jambo moja lililotukia Kenya, nalo ni kuuawa kwa Lord Erroll na kushtakiwa kwa Sir Jock Delves Broughton. Kesi hiyo ilikuwa imekwisha miaka arobaini na sita, na mshtakiwa mwenyewe alikuwa amekufa tangu mwaka wa 1942. Hata hivyo walipatikana watu waliokuwa radhi kutumia fedha nyingi ili waigizaji wavae nguo za zamani na kuyarudia mambo yale mbele ya macho ya watazamaji. Mwanafunzi wa historia yafaa ajiulize kwa nini kesi hii ilichaguliwa, na kesi nyingine za nchi hii zikaachwa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, Lord Erroll alikutwa amekufa ndani ya motokaa yake kando ya barabara, karibu na njia panda ya Karen na Ngong, naye amepigwa risasi ya kichwa. Mke kijana wa Broughton alikuwa akipendana na Erroll, wala jambo hilo halikuwa siri. Broughton akashikwa mwezi wa Machi, na kesi yake ikasikizwa Nairobi tangu Mei 26 hadi Julai 1, mbele ya Jaji Mkuu Sir Joseph Sheridan. Wakili Harry Morris aliletwa kutoka Johannesburg kuja kumtetea, naye aliipindua kesi kwa hoja ya risasi. Bastola ya aina ya Colt, ambayo ndiyo aina aliyokuwa nayo Broughton, huacha juu ya risasi alama sita zinazopinda kushoto. Risasi zilizomwua Erroll zilikuwa na alama tano zinazopinda kulia. Broughton akaachiliwa. Mwaka uliofuata akajiua kwa dawa katika hoteli moja ya Liverpool.

Angalia sasa kazi ya waigizaji. Mchezo wa BBC uliyatazama mambo kwa macho ya Juanita Carberry, aliyekuwa binti wa miaka kumi na mitano wakati huo, ambaye baadaye alisema kwamba Broughton alimwungamia kuwa yeye ndiye aliyeua. Ushahidi huo haukupata kutolewa mahakamani hata siku moja. Basi mtazamaji wa televisheni alipewa kitu ambacho wale kumi na wawili walioapishwa hawakupewa. Yeye aliketi sebuleni akijua, na wao waliketi mahakamani hawajui. Mtu akitazama kwa namna hiyo ni rahisi kuwaona watu wale kuwa wajinga, kumbe waliamua kwa yale waliyoletewa tu.

Watu hao kumi na wawili, ambao Waingereza huwaita juri, walikuwa Wazungu wote. Katika Kenya ya ukoloni ni Mzungu peke yake aliyekuwa na haki ya kuhukumiwa na juri ya watu wa namna yake. Mwafrika aliyeshtakiwa mbele ya Mahakama Kuu alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza. Wazee hao walitoa maoni yao, lakini jaji hakulazimika kuyafuata. Yamkini jambo hili laonekana dogo katika kitabu cha sheria, lakini kwa mtu aliyesimama kizimbani lilikuwa jambo la uhai na kifo.

Kabla ya kuendelea, yapasa kueleza kwa nini kesi za kweli huigizwa. Sababu moja ni sheria. Katika Uingereza, tangu mwaka wa 1925, imekuwa ni kosa kupiga picha ndani ya mahakama, na desturi hiyo ilienea katika makoloni. Waandishi wa magazeti waliruhusiwa kuingia na kalamu zao, lakini kamera ilibaki nje mlangoni. Kwa hiyo televisheni ilipozaliwa ilijikuta haina la kuonyesha ila mlango wa mahakama na mawakili wakipanda ngazi. Hapo ndipo fikira ilipotokea ya kuchukua maneno yaliyosemwa ndani, kama yalivyoandikwa, na kuwapa waigizaji wayaseme.

Wakuu wa mahakama hawakulipenda jambo hilo. Mapema mwaka wa 1985 mtumishi wa serikali ya Uingereza, Clive Ponting, alishtakiwa kwa kutoa siri za serikali juu ya kuzamishwa kwa manowari ya Argentina, iliyoitwa General Belgrano. Kituo cha Channel 4 kilikusudia kuonyesha kila usiku yale yaliyosemwa mahakamani mchana, kwa kutumia waigizaji. Jaji akakataza, kwa kuogopa kwamba juri wakirudi nyumbani na kuitazama kesi ile ile ikiigizwa, watamkumbuka mwigizaji badala ya shahidi. Kituo kikawaondoa waigizaji, kikaweka wasomaji wa habari wakayasoma maneno yale kwa sauti ya kawaida, na jambo hilo halikukatazwa. Ponting aliachiliwa na juri mwezi wa Februari. Twaona basi kwamba maneno hayakuwa na hatia. Kilichoogopwa ni uso na sauti, na namna mtu anavyonyamaza kidogo kabla ya kujibu. Kwa maoni yangu jaji yule aliielewa kazi ya waigizaji kuliko waigizaji wenyewe.

Marekani nako lilitokea jambo ambalo kila mwalimu wa historia angependa wanafunzi wake walijue. Mwezi wa Aprili 1959 televisheni ya CBS ilionyesha mchezo uitwao Judgment at Nuremberg, uliotungwa kwa kufuata kesi ya mwaka wa 1947 ambamo majaji na wanasheria wa Hitler wenyewe walishtakiwa. Mchezo huo ulilipiwa kwa matangazo ya biashara, na miongoni mwa waliolipa walikuwa wafanya biashara wa gesi ya kupikia. Basi kila mwigizaji alipotaja gesi iliyotumiwa kuwaua Wayahudi, sauti ilizimwa. Watazamaji wakaona midomo ikitikisika bila neno kutoka. Kesi iliyohusu watu walionyamazia uovu ikanyamazishwa na wauzaji wa majiko!

Turudi kwetu. Mtu akitoka hapa Eldoret akashika barabara ya Kitale, akapita Soy na Moi's Bridge, kisha akaendelea mbele hadi Kapenguria, atakuwa amefika mahali palipofanyiwa kesi kubwa kupita zote katika historia ya Kenya. Nayo si safari ya siku nzima. Serikali ya kikoloni ilipachagua mahali pale kusudi, kwa kuwa palikuwa mbali na Nairobi, na mtu hakuweza kuingia bila kibali. Usiku wa Oktoba 20 mwaka wa 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, walishikwa Jomo Kenyatta na wenzake. Walioshtakiwa pamoja naye Kapenguria walikuwa Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba, na shtaka lilikuwa la kuongoza chama cha Mau Mau. Hapakuwa na jengo la mahakama lililofaa, wakatumia darasa la shule. Mawakili wa utetezi walilala Kitale, wakawa wakienda na kurudi kila siku kwa barabara ya vumbi. Kiongozi wao alikuwa D. N. Pritt kutoka London, na pamoja naye walikuwako Chaman Lall kutoka India, H. O. Davies kutoka Nigeria, na mawakili wa Nairobi kama Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh.

Kesi hiyo haikuwa na juri, wala haikuwa na wazee wa baraza. Alikuwako hakimu mmoja tu, Ransley Thacker, jaji aliyekuwa amestaafu. Wanahistoria wameandika kwamba alipewa na serikali paundi 20,000. Tarehe 8 Aprili 1953 akawaona wote sita kuwa na hatia, naye akawahukumu kifungo cha miaka saba pamoja na kazi ngumu. Baadaye ikagunduliwa kwamba Thacker alikuwa ameteuliwa kuwa hakimu katika Jimbo la Kaskazini, na Kapenguria ilikuwa katika Jimbo la Rift Valley! Mahakama Kuu ikaitangua kesi kwa sababu hiyo. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikairudisha. Na mwishowe, mwezi wa Januari 1954, Mahakama Kuu ikakataa rufani zote ila ya Oneko, ambaye alionekana hana hatia, lakini akaendelea kuwekwa kizuizini vivyo hivyo. Kama mtunzi wa michezo angeyabuni mambo haya, wasomaji wangesema kwamba amepita kiasi.

Shahidi mkuu juu ya Kenyatta alikuwa Rawson Macharia, aliyesema kwamba alimwona Kenyatta akiwalisha watu kiapo mwaka wa 1950. Baada ya kesi alipelekwa Uingereza kusoma kwa gharama ya serikali. Mwaka wa 1958 akaapa mbele ya sheria kwamba ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa uongo na kwamba alikuwa ameahidiwa malipo. Basi akashtakiwa, akafungwa. Wala hakufungwa kwa sababu alisema uongo Kapenguria. Alifungwa kwa sababu ya kuapa kwamba alisema uongo.

Kesi hii iliandikwa kitabuni upesi. Mwaka wa 1955 Mwingereza Montagu Slater alitoa kitabu juu ya kesi ya Kenyatta, akitumia kwa wingi maneno yaliyosemwa mahakamani. Slater alikuwa mtunzi wa michezo, naye ndiye aliyeandika maneno ya opera ya Benjamin Britten iitwayo Peter Grimes, ambayo yaanza kwa mvuvi kuhojiwa mbele ya sheria juu ya kifo cha kijana wake wa kazi. Hapana shaka jicho la mtu wa jukwaani ndilo lililomwonyesha kwamba katika darasa lile la Kapenguria palikuwa na mchezo uliokwisha kuandikwa tayari.

Miaka mitatu baada ya Kapenguria ikafuata kesi ya Nyeri. Dedan Kimathi alipigwa risasi ya mguu akashikwa tarehe 21 Oktoba 1956. Kesi yake ilianza Novemba 19, ikaisha Novemba 27, mbele ya Jaji Mkuu Sir Kenneth O'Connor akisaidiwa na wazee wa baraza watatu Waafrika. Wengi hudhani kwamba alishtakiwa kwa vita vya msituni. Sivyo. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi zake, na katika siku za hali ya hatari kosa hilo lilitosha kumnyonga mtu. Kesi ya Broughton, iliyohusu mauaji, ilichukua zaidi ya mwezi mzima. Hii ilichukua siku tisa tu. Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti alfajiri ya tarehe 18 Februari 1957.

Mwaka wa 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ambao wote wawili sasa ni marehemu, walitoa mchezo wa The Trial of Dedan Kimathi. Ulichezwa mwezi wa Oktoba mwaka huo katika Jumba la Michezo la Taifa mjini Nairobi, na mwaka uliofuata ukapelekwa Lagos katika sherehe za sanaa za watu weusi. Tafsiri yake ya Kiswahili, Mzalendo Kimathi, iliyofanywa na Raphael Kahaso, ilitoka mwaka wa 1978, na kwa njia hiyo wanafunzi wengi wa shule zetu wakamjua Kimathi kabla hawajakisoma kitabu chochote cha historia juu yake.

Katika mchezo huo Kimathi akataa kulijibu shtaka, kwa kuwa sheria anayohukumiwa kwayo imetungwa bila watu wake kushirikishwa. Ndani ya seli waja kwake wajumbe wa mali, wa siasa na wa dini kumshawishi, naye awashinda wote. Wanafunzi wakimaliza kuusoma aghalabu huuliza swali moja tu: Je, kweli alisema hivi? Ni swali jema, na mwalimu asilikwepe.

Kwa muda mrefu lilikuwa swali gumu, maana kumbukumbu za kesi ya Nyeri hazikuwa mikononi mwa wasomaji. Mwaka wa 2017 zilichapwa katika kitabu kilichohaririwa na mwanahistoria Julie MacArthur, nao Ngũgĩ na Mĩcere wakakiandikia utangulizi. Humo twakutana na mtu mwingine. Alilijibu shtaka akisema hana hatia. Utetezi wake ulikuwa kwamba alikuwa akitoka msituni kwenda kujisalimisha. Hakuikana mahakama, bali aliijibu, swali kwa swali, kama afanyavyo mtu anayeutafutia uhai wake njia.

Wako watakaosema kwamba basi mchezo ule ni uongo. Mimi sikubaliani nao. Watunzi wenyewe walitangaza katika dibaji yao kwamba hawakukusudia kuirudia kesi ya Nyeri kama ilivyokuwa. Walikusudia kumsimamisha Kimathi kama watu wake walivyomkumbuka. Tena wakumbukwe walioandika siku ile: wakati wa kuandika mchezo, Mau Mau kilikuwa bado chama kilichopigwa marufuku kwa sheria ya Kenya, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka mwaka wa 2003. Lakini wako pia wanaosema kwamba kumbukumbu za mahakama ndizo ukweli wenyewe, nao sikubaliani nao zaidi. Mtu aliyejeruhiwa, aliye mikononi mwa adui zake, akijibu maswali ambayo jibu lake laweza kumtia kitanzini, hasemi yote yaliyomo moyoni mwake. Karatasi yatuambia alichosema Nyeri, wala si zaidi ya hapo. Mwanafunzi anayetaka kumjua Kimathi sharti asome vyote viwili, wala asiruhusu kimoja kimnyamazishe mwenziwe.

Na televisheni ya Kenya yenyewe? Ilianza mwaka wa 1962, na mahakama imekuwa moja ya vitu vilivyopendwa sana ndani yake. Tangu siku za Sauti ya Kenya, kabla shirika halijaitwa KBC mwaka wa 1989, wananchi wamecheka mbele ya Vioja Mahakamani, wakiwatazama akina Makokha na Ondiek wakisimama kizimbani kwa makosa ya kuku walioibwa na majirani waliogombana. Kesi zile zilikuwa za kubuni. Wengine huzidharau, lakini nadhani zimefanya kazi ambayo shule hazikuifanya: mtu wa kijijini ambaye hajapata kuingia mahakamani amejua kwamba mshtakiwa ana haki ya kumwuliza shahidi maswali, na kwamba hakimu husikiliza pande zote mbili. Ila zilikuwa kesi za watu wadogo na makosa madogo. Kesi kubwa hazikuwamo.

Siku hizi kamera imeingia mahakamani. Mahakama ya Juu iliposikiliza kesi za uchaguzi wa rais mwaka wa 2013, wa 2017 na wa 2022, nchi nzima ilitazama moja kwa moja, na hapana aliyehitaji mwigizaji. Watu wa Uasin Gishu walikwisha kuona jambo la karibu zaidi kuliko hilo: tangu tarehe 10 Septemba 2013 hadi Aprili 5 mwaka wa 2016, Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu kule The Hague ilisikiliza kesi ya William Ruto na Joshua Sang juu ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwaka wa 2007, na mwishowe kesi ikakomeshwa. Picha zilifika hapa Eldoret, lakini nyuso za mashahidi wengine zilifichwa na sauti zao zikabadilishwa ili wasitambulikane. Basi hata palipokuwa na kamera, mtazamaji alisikia sauti isiyo ya msemaji.

Jambo hilo lanikumbusha mtu mmoja ambaye waigizaji humsahau kila mara, naye ni mkalimani. Katika mchezo wa jukwaani jaji na mshtakiwa husema lugha moja, wakaelewana barabara, hata wanapochukiana. Katika Mzalendo Kimathi wote wasema Kiswahili kizuri. Lakini katika kumbukumbu tulizo nazo leo, maneno mengi ya mashahidi Waafrika yalitoka kinywani kwa lugha nyingine, yakapita kwa mkalimani, ndipo yakaandikwa kwa Kiingereza; na neno likikosewa njiani, kosa hilo ndilo linaloitwa ushahidi hata leo. Pritt alilijua jambo hili. Mkalimani wa Kapenguria alikuwa Louis Leakey, aliyekisema Kikikuyu tangu utotoni, lakini ambaye mwaka ule ule wa 1952 alikuwa ametoa kitabu cha kuwapinga Mau Mau. Pritt akaanza kubishana na tafsiri zake mbele ya hakimu, na kusema kwamba mtu mwenye upande katika jambo hafai kuwa kinywa cha wengine. Leakey akakasirika, akaondoka. Akawekwa mwingine mahali pake, na kesi ikaendelea.